Mswada Mmoja, Bahasha Mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma makala zangu ameniandikia akiuliza kama aachane na mashairi aandike riwaya, kwa kuwa mashairi hayamlipi hata nauli ya daladala. Ujumbe wake umenikuta siku mbili baada ya riwaya yangu ya kwanza kukubaliwa, nikiwa na miaka 47, kwa hiyo namjibu nikiwa nimetanua kifua kidogo, anisamehe.

Aliyenifumbua macho ni Roberto Bolaño, mwandishi Mchile aliyezaliwa Santiago mwaka 1953, akahamia Mexico na familia yake akiwa na miaka 15, na huko yeye na wenzake wakaanzisha kundi la washairi lililowakera wakubwa wa fasihi kwa kuvuruga hafla zao. Mwaka 1977 alivuka bahari akaenda Hispania, ambako aliosha vyombo, akavuna zabibu, akawa mlinzi wa usiku kwenye kambi ya mahema karibu na Barcelona. Hata miji midogo ya nchi hiyo ilikuwa na tuzo zake za fasihi, naye akazisaka kama mvuvi anayejua miamba yake. Riwaya yake fupi, La senda de los elefantes, ilishinda tuzo ya halmashauri ya jiji la Toledo na kuchapishwa mwaka 1984, ilhali mswada huohuo, ukiwa na jina jingine, ulikuwa umekwisha kumpatia fedha kwenye shindano jingine. Waadilifu watakunja uso. Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani nilikumbuka wa kwangu.

Mswada wangu wa awali niliupeleka kwa mchapishaji mmoja, nikauacha kwake miaka mitatu, nikiamini kwamba kuupeleka kwingine ni utovu wa adabu. Kila nilipouliza niliambiwa, "Tutakupigia." Siku niliyorudishiwa, ukurasa wa juu ulikuwa na duara la kikombe cha chai, na kamba ya katani niliyoufungia ilikuwa na fundo langu lilelile la mkono wa kushoto, halijaguswa. Bado linaniuma.

Basi wewe unayetaka, kama mimi, kuliona jina lako juu ya jalada, usiulaze mswada mlango mmoja. Toa nakala mbili, tatu, tuma. Ukirudishiwa, badilisha bahasha, utume tena. Na kazi inayokulisha usiiache kwa hasira. Bolaño aligeukia zaidi nathari baada ya kupata mtoto mwaka 1990, kwa sababu nyumba ilihitaji kula. Miaka miwili baadaye akaambiwa ini lake ni bovu, na hapo ndipo alipoandika kama mtu anayefukuzwa. Riwaya yake Los detectives salvajes ilitoka mwaka 1998, ikampatia tuzo ya riwaya ya Herralde ya Hispania na, mwaka uliofuata, ya Rómulo Gallegos ya Venezuela. Alifariki Julai 2003 akiwa na miaka 50, na riwaya yake 2666, yenye kurasa zaidi ya elfu moja, ikachapishwa mwaka uliofuata.

Hata hivyo hakuacha kujihesabu mshairi, na mashairi yake mengi yalikusanywa katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 2007. Kwa hiyo, kijana wangu, andika riwaya na mashairi usiyatupe. Mwisho wa mwezi niletee hesabu ya bahasha ulizotuma. Mashairi yenyewe wapelekee wenye tuzo.