Picha za eksirei zinachanika kwenye mshono, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, niko Kizota, Dodoma. Ninatengeneza pazia kubwa la maonyesho kwa picha za eksirei zilizokwisha kutumika, nazishona pamoja na vipande vya kanga. Upepo ukivuma siku mbili tatu, picha zinachanika palepale kwenye mshono. Nimebadilisha uzi, bado. Halafu watu wananiambia picha hizi zina mionzi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mionzi haipo. Huisha mara tu mashine inapozimwa, haibaki kwenye filamu. Shika bila hofu.

Uzi hauna kosa. Kitambaa kimefumwa, kwa hiyo sindano ikipita nyuzi husogea na kuipisha. Filamu ya eksirei ni plastiki ya poliesta, unene wake ni kama milimita 0.18, na haina nyuzi za kusogea. Kila sindano inapochoma inaacha tundu la kudumu. Ukishona kwa hatua fupi unakuwa umepanga matundu kama karatasi ya stempu, na upepo wetu wa kiangazi unamalizia kazi.

Refusha hatua ya mshono hadi milimita 4 au 5. Tumia sindano mpya ya jinzi, namba 90 au 100. Usirudishe mshono nyuma mwishoni. Acha uzi mrefu, funga fundo kwa mkono. Pini weka kando, bana kwa vibanio. Kanga zipige pasi kabla ya kuziunga, maana poliesta huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hivi.

Ila hata mshono mzuri utachanika kama picha ndiyo inayobeba uzito, na hapa ndipo naona kazi nyingi nzuri zinaharibika. Shusha mikanda ya kanga iliyokunjwa mara mbili kutoka kwenye fito ya juu hadi chini kabisa, kisha picha zishikwe na mikanda hiyo ubavuni tu. Kitambaa kining'inie, picha ifuate.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Kwenye kona ya picha kuna jina la mgonjwa, pengine na umri na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata isingekuwepo sheria, yule ni mama au baba wa mtu. Kalamu nyeusi haitoshi, kwani taa ikiwashwa nyuma ya pazia jina linaweza kusomeka. Kata kona yote kwa mkasi, uichanechane. Na picha zikitoka hospitali, pata ruhusa ya maandishi kabla ya kuzibeba.

Ukimaliza safu moja, itundike nje penye upepo kwa siku kadhaa, kisha kagua matundu ya sindano. Yakiwa yamevutika na kurefuka, picha bado inabeba uzito: fupisha mikanda ya kanga kidogo, ujaribu tena.