Kwa nini meza nzima ilicheka nilipojibu "I'm fine, thank you, and you?"

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: Kiingereza kinavyogeuka kichekesho midomoni mwa Wakorea pale penye mgeni. Tumechagua sita.

Ndugu Mhariri, nasoma shahada ya uzamili Daejeon. Juzi mwenzangu wa maabara aliniuliza "How are you?" Nikajibu nilivyofundishwa tangu utotoni: "I'm fine, thank you, and you?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nilikosea wapi, au walikuwa wananicheka mimi?

Hukukosea, wala hukuchekwa wewe. Sentensi uliyoitoa ni miongoni mwa sentensi za Kiingereza zinazojulikana sana Korea Kusini. Watu wameikariri darasani kizazi baada ya kizazi, kwa mpangilio uleule na kwa pumzi moja, hata imeacha kuwa jibu la salamu na kubaki kama kibwagizo cha wimbo. Huiandika kwa herufi zao za Hangul na kuitamka "aim pain, ttaengkyu, aen yu".

Kuna kichekesho cha miaka mingi juu yake. Mkorea amepata ajali ya gari huko Marekani, amelala barabarani anavuja damu. Askari anamkimbilia na kumuuliza: "How are you?" Majeruhi anakusanya nguvu zake za mwisho na kujibu: "I'm fine, thank you, and you?" Anayechekwa hapo si askari. Anayechekwa ni mwanafunzi aliyefunzwa jibu moja tu, ulimi ukalitoa hata pale anapokata roho.

Kicheko hicho kina uzito wake. Tangu mwaka 1997 Kiingereza hufundishwa kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, suneung, unaofanyika kila Novemba, una sehemu ya kusikiliza Kiingereza, na kwa dakika 35 nchi nzima huzuia ndege kuruka na kutua ili mngurumo usiwavuruge watahiniwa. Aliyepita kwenye tanuri hilo anaweza kuichambua sentensi ya mistari mitano kwenye karatasi, lakini akisimama mbele ya mgeni tumbo linamvurugika kama la mtu aliye chomboni bahari ikichafuka. Hali hiyo ina jina lake kabisa: yeongeo ulleongjeung, ugonjwa wa kuchafukwa na Kiingereza. Wewe ulipotoa jibu lilelile la kitabuni, uliwaonyesha kwamba hata huko kwenu mmekalia dawati lilelile. Ndiyo maana walicheka kwa furaha.

Ukitaka kuurudia utani huo kwa makusudi, itamke sentensi nzima haraka, bila kituo na bila kukaza neno lolote, kwa matamshi yako mwenyewe. Usigeuze f kuwa p ili uwaige. Wao wakijiigiza ni utani. Ukiwaigiza wewe ni dharau, na meza itanyamaza ghafla.

Katika tamthilia zote za Kikorea nasikia "hwaiting!" Marafiki wanasema ni "fighting". Mbona hakuna anayepigana?

Kwa sababu limeshakuwa neno la Kikorea, na maana yake ni "kaza!" au "jikaze, tuko nyuma yako". Huambiwa mtahiniwa, mchezaji, hata mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji. Mzungumzaji wa Kiingereza akiambiwa hivyo mlangoni mwa hospitali anageuka kutafuta ugomvi uko wapi.

Matamshi yanatokana na Hangul kukosa sauti ya f. Ikiingia humo hugeuka p au hw: maandishi sanifu ni "paiting", lakini mitaani utasikia zaidi "hwaiting". Sauti ya v hugeuka b, na z hugeuka j, hivyo piza ni "pija". Konsonanti zikifuatana huwekewa irabu katikati, na "strike" yenye silabi moja inakuwa "seuteuraikeu" yenye silabi tano. Mswahili hana sababu ya kushangaa; ni sisi tulioifanya "club" kuwa kilabu.

Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilipendekeza watu waseme "aja" badala yake. Watu wakayachukua yote mawili: "aja aja hwaiting!" Na mwaka 2021 Kamusi ya Oxford iliingiza maneno 26 yenye asili ya Korea kwa mkupuo mmoja, "fighting" likiwamo kwa maana hii ya Kikorea, pamoja na "skinship", yaani ukaribu wa kugusana, na "Konglish", jina la Kiingereza chenyewe tunachokizungumzia.

Nimeolewa na Mkorea, tunaishi Busan. Nikimwita mume wangu kwa jina ananijibu "Why?" kama aliyeudhika. Mdogo wake aliniambia anakwenda "meeting" Jumamosi usiku, kumbe anakwenda kutafuta mchumba. Nifanyeje nisiumie wala nisicheke pasipostahili?

Dada, hapo pana mafungu mawili ya maneno, na dawa zake ni tofauti.

La kwanza ni Kikorea kilichovaa nguo za Kiingereza. Mkorea akiitwa na mtu wake wa karibu hujibu "wae?", neno ambalo katika kamusi ni "kwa nini". Kwa matumizi, ni "naam" au "bee" yetu tu. Mumeo analitafsiri neno, hatafsiri kazi yake. Ndivyo ilivyo hata kwa "I have a promise": neno yaksok ni ahadi na pia ni miadi, kwa hiyo hajala kiapo popote, ana mahali pa kwenda. Mtu mzima akisema "I played with my friends", ametoka kwenye kitenzi nolda, ambacho ni kucheza kwa mtoto na ni kukaa na kutembea na wenzake kwa mtu mzima. Akikusifu kwamba uso wako ni mdogo, amekusifu kweli. Uso mdogo huko ni uzuri. Katika fungu hili jiulize neno la Kikorea lililo chini yake ni lipi, kisha jibu hilo. Akisema "Why?", mpe ulichomwitia.

Kuna na mtego wa swali la kukanusha. Ukimuuliza kwa Kiingereza kama hajala, naye hajala, atajibu "yes", akikubaliana na kauli yako. Kwetu pia mtu akiulizwa "hujala?" hujibu "ndiyo, sijala", kwa hiyo nyinyi wawili mtaelewana, atakayepotea ni Mwingereza aliye mezani.

Fungu la pili ni maneno yenye sura ya Kiingereza yaliyopewa maisha mapya. "Miting" ni kukutanishwa kwa makundi ya wavulana na wasichana kwa idadi sawa, watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, zaidi kwa wanafunzi wa chuo. Wakikutanishwa wawili tu inakuwa "sogaeting", sogae ikiwa ni utambulisho na "ting" ikiwa ni mkia uliokatwa kwenye "miting". Kipindi ambacho wawili hao wanaonyeshana dalili lakini hakuna aliyetamka ni "sseom", iliyokatwa kutoka "something". "Keonning", kutoka "cunning", ni kuibia mtihani. "Helseu" ni ukumbi wa mazoezi, kwa hiyo anayesema anakwenda "health" haendi kliniki. "Seobiseu" ni kitu cha bure anachokuongezea mwenye duka au mkahawa. Sahani ikifika ambayo hamkuiagiza na mhudumu akasema "seobiseu", msibishane juu ya bili, shukuruni mle. "Saida", kutoka "cider", ni soda ya limau isiyo na kileo, na siku hizi pia ni sifa ya jibu la wazi linaloshusha pumzi. Kinyume chake ni "goguma", kiazi kitamu kilichokwama kooni.

Maneno haya usiyasahihishe. Yanaonekana makosa kwa sababu tu ya nguo yaliyovaa. Yasahihishe pale tu mtu anapojiandaa kuyatumia nje ya Korea na amekuomba, kwa mfano katika barua ya kuomba kazi.

Mimi ni Mtanzania, nipo Seoul miezi miwili. Ndani ya treni nasikia vijana wanatamka neno linalofanana kabisa na lile tusi la Kiingereza la watu weusi. Rafiki yangu Mkorea alicheka kwa aibu nilipomuuliza. Ananificha?

Hakufichi. Ulichosikia ni "niga", na maana yake ni "wewe" linapokuwa mtendaji wa sentensi kwa watu waliozoeana. Kwa maandishi sanifu ni "nega", na "mimi" ni "naega". Irabu hizo mbili zilikuwa tofauti. Leo kwa wengi zinasikika sawa, na mtu angeshindwa kujua kama umesema wewe au mimi. Ulimi ukatafuta njia ya kutofautisha, "wewe" ikawa "niga". Sauti ya "ga" ni kiambishi cha mtendaji tu. Utakisikia kikibandikwa kwenye majina mengine mengi.

Namna ya kutambua ni hii: neno hupita haraka mwanzoni mwa sentensi au katikati, halikaziwi, na kitenzi kinafuata mwishoni. Hutumika kwa rika au mdogo, kwa hiyo mtu usiyemjua akikuelekezea hilo, amekukosea adabu kwa sababu nyingine, ya kutokuheshimu ukubwa. Rafiki yako aliona aibu kwa kuwa Wakorea wengi wanaojua Kiingereza wanaujua mgongano huu, na wengine hushusha sauti wakiwa karibu na mtu mweusi.

Tunakuambia na upande wa pili. Neno la kawaida la mtu mweusi ni "heugin", halina ubaya. Neno la kashfa ni "kkamdungi". Ukilisikia hilo, hujasikia vibaya, na huna wajibu wa kucheka pamoja na mtu.

"Du yu no" ni nini? Kila picha ya mchezaji wa Korea mtandaoni ina maneno hayo chini yake.

Ni "Do you know". Kwa miaka mingi waandishi wa habari na watangazaji wa Korea walikuwa wakimkamata mgeni mashuhuri hata kabla hajapumzika na kumuuliza kama anajua kimchi, mboga zao zilizochachushwa kwa pilipili. Baada ya wimbo "Gangnam Style" kuvuma mwaka 2012, swali likawa kama anamjua Psy, mwimbaji wake. Vijana waliona haya, na haya hiyo wakaifanya mchezo: wakaunda kilabu cha kubuni, "Du Yu No Club", ambacho uanachama wake ni kuwa Mkorea ambaye mgeni anatajiwa. Humo wamo Kim Yuna wa kuteleza kwenye barafu, Park Ji-sung na Son Heung-min wa soka, kundi la muziki la BTS, na mwongozaji wa filamu Bong Joon-ho. Utani huu unalenga kile wanachokiita gukppong, ulevi wa kujisifia taifa. "Guk" ni nchi, na "ppong" limekatwa kwenye jina la zamani la dawa ya kulevya.

Kijana akikuuliza "Du yu no kimchi?" huku anatabasamu, anataka ucheke. Mzee akikuuliza hivyohivyo, anauliza kweli. Mjibu kwa unyoofu, utaje na chakula ulichokipenda.

Nataka kuwachekesha Wakorea kazini kwa Kikorea changu kidogo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ajae gag, utani wa wajomba: swali fupi, jibu la kuchezea sauti. Mwingi wake umejengwa juu ya maneno ya Kiingereza, kwa hiyo ni rahisi kwa mgeni. Lozi ikifa inakuwa nini? "Daiamondeu", yaani almasi: "die" imebandikwa mbele ya "amondeu". Stroberi ikifukuzwa kazi? "Ttalgi sireop": ttalgi ni stroberi, na sireop ni sharubati yake, lakini pia ndivyo linavyotamkwa neno la Kikorea la kukosa kazi. Cinderella akikosa usingizi? "Mojjarella", jibini ya mozzarella, maana "mot ja" ni kushindwa kulala.

Uliza kwa uso mkavu, ngoja kama sekunde tatu, jibu, kisha usieleze. Watalalamika kwa sauti kwamba ni baridi, "sseolleonghada". Lalamiko hilo ndilo makofi yake.

Jihadhari na namba 18. Husomwa "sip-pal": funga midomo baada ya "sip", kisha iachie p kwa pumzi nyingi. Ukiiburuta bila kituo na kuilegeza p, inakaribia "ssibal", tusi zito kuliko unavyodhani, na ofisi itacheka kwa sababu usiyoijua. Hukutana nayo kwenye tarehe, ghorofa na namba ya basi. Kwenye umri umeokoka, kwani huko hutumika hesabu ya asili, "yeol-yeodeol sal".