Usimpigie Mtu Kabla Kwao Hakijarushwa: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Jeopardy!

Jana alasiri sebule yangu hapa Chicago ilijaa tena, tunatazama Jeopardy!, lile shindano la maswali la televisheni ya Marekani. Vijana wanne, wawili wametoka Dar mwaka huu huu. Mapumziko ya kwanza hayajafika, mmoja ameshasema "rahisi hiyo!" mara sita, na zote sita jibu lilikuwa limeshatajwa. Nikavumilia. Lakini kipindi kilipoisha, mdogo wao akatoa simu akaanza kumrekodia ujumbe dada yake aliyeko California: "Da' mkubwa, yule bingwa leo katoka..." Nikamnyang'anya simu. Samahani kwa kukushtua, mdogo wangu. Sababu yake iko namba tatu.

1. Jibu kabla mshiriki hajafungua mdomo, la sivyo nyamaza. Ukishasikia jibu, kila mtu analijua. Na jibu lako litoe kwa umbo la swali kama sheria ya mchezo inavyotaka, "Ni nani...", "Ni nini...", hata kama uko kwenye kochi na sahani ya pilau mapajani. Ukizoea mkato nyumbani, siku ya usaili wa kujiunga utaponzwa na mdomo wako mwenyewe.

2. Msiwadharau washiriki wanaosimama kimya. Mara nyingi wote watatu wanajua. Kitufe cha kuwahi kujibu kimefungwa mpaka mtangazaji, Ken Jennings, amalize kusoma swali, taa za pembeni mwa ubao ziwake. Ukibonyeza mapema unafungiwa robo sekunde, na robo sekunde pale ni mwaka mzima. Mtazameni mkono wa mshiriki, siyo uso. Utamwona anabonyeza, anabonyeza, mwenzake kashachukua. Huyo hajashindwa maarifa, na mnapomwita mbumbumbu mnanikera kweli.

3. Usimwambie mtu matokeo kabla kwao hakijarushwa.

Mwaka 2004 nilikuwa na miezi michache Chicago. Mjomba wangu alikuwa Maryland, amestaafu, magoti yamechoka, hatoki nje sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kipindi hiki, kwa simu, jioni baada ya jioni. Kiingereza chake kizuri alikitoa humo, kwa Alex Trebek, mtangazaji wa enzi hizo, na alikuwa akisema hivyo kwa fahari.

Mwanzoni mwa Juni akaingia kama mshiriki Ken Jennings, huyuhuyu mtangazaji wa leo, siku hizo mhandisi wa programu kutoka Utah. Akashinda leo, akashinda kesho, akawa hatoki. Mjomba akafungua daftari. Kila mchezo mstari mmoja: namba, alama za washiriki, na mwisho kabisa alama ya vema au mkasi kuonyesha kama yeye Mjomba alipata lile swali la mwisho. Kwao kilirushwa saa moja na nusu usiku. Kwetu, saa tisa na nusu alasiri. Ukihesabu tofauti ya majira, nilikuwa naona mambo masaa matatu kabla yake, na kwa miezi yote ile sikuwahi kufungua mdomo. Nilisubiri apige yeye.

Septemba habari zikavuja kwamba Ken ameshashindwa, mchezo umesharekodiwa. Mjomba akawa anazima redio. Watu wakianza kuliongelea msikitini, anaondoka. Alitaka aione mwenyewe kwa siku yake.

Jumanne, tarehe 30 Novemba, ikafika. Ken alikuwa amekosa Daily Double zote mbili za raundi ya pili, yaani visanduku vya siri ambavyo mshiriki huviwekea dau, lakini bado anaongoza: 14,400 kwa 10,000 za Nancy Zerg. Swali la mwisho liliuliza kampuni yenye wafanyakazi 70,000 wa ofisini wanaofanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Nancy akaandika H&R Block, kampuni ya kuwaandalia watu hesabu za kodi. Ken akaandika FedEx, wasafirisha vifurushi. Michezo 74, dola 2,520,700, basi.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Mikono inatetemeka, sina wa kumwambia. Nikapiga Maryland. "Shikamoo Mjomba, Ken katoka! Kasema FedEx, kumbe ni H&R Block!"

Hakuitikia shikamoo. Nikasikia tu anavuta pumzi. Halafu akasema taratibu, "Mpwa wangu, ungeniachia hayo masaa matatu."

Nikaomba radhi, akasema yamekwisha. Hakunigombeza hata baadaye. Lakini kuna kitu nilikijua palepale, kabla sijaweka simu chini. Kila mwaka kati ya Januari na Aprili Mjomba alibeba bahasha yake ya kodi kwenda ofisi hiyohiyo ya H&R Block mtaani kwao, na kila mwaka alinung'unika kwamba akirudi mwezi wa sita hamkuti mtu aliyemhudumia. Lile swali lilikuwa lake. Jioni ile, kwa sekunde thelathini, mzee wangu angemshinda Ken Jennings, na angenipigia usiku huo akicheka mpaka akohoe. Mimi nilimpa jibu kabla hajaulizwa.

California wako nyuma yetu masaa mawili, na kwao ni jioni. Sasa unaelewa kwa nini nilikurupuka.

4. Dau la swali la mwisho: anayeongoza huzidisha alama za wa pili kwa mbili, anaongeza moja, anatoa alama zake mwenyewe, anaweka tofauti. Ken aliweka 5,601 ili afike 20,001. Hakukosea hesabu, alikosa jibu, kwa hiyo msiseme aliingiwa na tamaa.

5. Ziwa refu kuliko yote Afrika, na lenye kina kirefu kuliko yote, jibu Tanganyika. Mmeijua tangu shule ya msingi, sasa iwahini.

6. Andikeni alama zenu, na msijipendelee. Ukipata jipe thamani ya kisanduku cha swali, ukikosa jitoe thamani hiyo, ukinyamaza sifuri. Daily Double ukikosa usijitoe, ukipata jipe thamani ya kisanduku, siyo dau. Swali la mwisho liwekeni pembeni kwa vema au mkasi, kama alivyokuwa akifanya Mjomba.

Daftari lake ninalo. Alipofariki shangazi alinipa, lipo kwenye droo chini ya televisheni, mnaweza kulishika mkiwa na mikono mikavu. Mstari wa 75 ameujaza vizuri kwa wino wa bluu: Zerg 14,401, Jennings 8,799. Alikiangalia kipindi usiku ule hata hivyo, mpaka mwisho. Pale pa vema au mkasi hakuandika kitu.