Gramu 70 za protini katika tumbo la vikombe viwili vya kahawa

SWALI: Asalaam alaykum. Nina miaka 38, naishi Lamu. Wiki saba zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata tumbo likabaki kama mrija. Nilikuwa na kilo 118, sasa nina 101, na urefu wangu ni mita 1.62. Niliambiwa nipate gramu 70 za protini kila siku. Poda ya kopo yanichefua na bei yake siiwezi. Samaki nikila tonge tatu hunikwama kifuani, kwa hiyo nimeshikilia supu ya pweza na mbaazi. Je, zatosha? Jirani yangu aliyetangulia kufanyiwa, nywele zilimtoka mafungu mafungu, nitajikinga vipi? Na Ramadhani nitaweza kufunga?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Hazitoshi, na kinachokudanganya zaidi ni ile supu.

Hesabu kwanza. Gramu 70 si namba ya kubahatisha. Kwa urefu wako, uzito unaofaa ni kama kilo 65, na baada ya upasuaji huu kila kilo ya uzito huo inahitaji kati ya gramu 1 na 1.5 za protini. Ukishuka chini ya gramu 60 kwa siku kwa wiki nyingi, mwili utaanza kula misuli yako. Mizani itaendelea kushuka na wewe utafurahi, kumbe unachopoteza si mafuta peke yake.

Tatizo lako si kusaga chakula. Robo tatu ya tumbo au zaidi imeondolewa, lakini protini nyingi husagwa kwenye utumbo mwembamba, na utumbo wako haukuguswa. Tatizo ni nafasi. Mrija uliobaki huchukua mililita 100 hadi 150, yaani kama vikombe viwili vya kahawa chungu vile vya barazani. Kila kinachoingia humo kimechukua nafasi ya kingine, na hapo ndipo supu na mbaazi zinaposhindwa.

Kikombe cha supu ya pweza iliyochujwa kina gramu chache tu za protini, na sehemu kubwa ya hizo ni jelatini iliyotoka kwenye ngozi na nyuzi. Jelatini haina triptofani, mojawapo ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini) ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, kwa hiyo haijengi misuli hata ukinywa sufuria nzima. Supu ya mifupa ni vivyo hivyo. Protini ya pweza iko kwenye nyama: gramu 100 za pweza aliyepikwa zina karibu gramu 30. Supu ihesabu kama maji yenye chumvi, na kwa joto la pwani hilo nalo si jambo dogo. Ila usiiandike kwenye daftari la protini.

Mbaazi ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zilizopikwa zina protini kama gramu 7. Kufikisha 70 ungehitaji kilo nzima kwa siku. Ukizipika kwa kasimele hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa tui zito huleta mafuta mengi na protini kidogo sana. Zipike kwa tui la pili, zipitishe kwenye chujio kuondoa maganda (hayo ndiyo yanayojaza gesi), na zikae pembeni ya samaki, vijiko viwili vitatu. Pojo ni hivyo hivyo. Mahamri yaache kabisa kwa sasa. Yakichovywa kwenye chai hulainika na kuteleza bila kukwama, ndiyo maana watu wengi huyapenda baada ya upasuaji, na ndiyo maana uzito huwarudia.

Sasa samaki. Kukwama kwake mara nyingi kuna sababu tatu, na zote zinatibika jikoni. Ya kwanza ni aina. Jodari na nguru wana minofu mikavu iliyoshikana. Akikaangwa, maji yote humtoka na hushuka kama pamba. Tumia changu au kolekole, mchemshe au mpike kwenye mchuzi mwepesi wa nyanya na ndimu kwa moto mdogo, umwondoe jikoni mara tu nyama inapoanza kuachana na mfupa. Dakika tano za ziada ndizo zinazomharibu. Toa miiba kwa vidole, si kwa macho, kisha mponde kwa uma pamoja na vijiko viwili vya mchuzi wake. Pweza msubirishe mpaka mwezi wa tatu tangu upasuaji, na hata hapo awe amechemshwa mpaka uma upenye bila kusukuma, kisha akatwe vipande vidogo sana. Kamba nao wakipikwa kupita kiasi huwa kama mpira. Wakigeuka rangi tu, watoe.

Sababu ya pili ni mwendo. Tonge liwe dogo kama ukucha wa kidole gumba, tafuna mpaka liwe uji, weka kijiko chini, subiri karibu dakika moja. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Zaidi ya hapo chakula kimepoa na umeanza kulazimisha. Mwili una ishara zake kabla ya kukwama: kwikwi, mate kujaa mdomoni, mafua ya ghafla, au kubanwa chini ya mfupa wa kifua. Ishara ya kwanza ikitokea, mlo umekwisha, hata kama zimebaki tonge mbili na mwenye nyumba anakubembeleza umalizie.

Ya tatu ni maji. Ukinywa ukiwa unakula, maji hukaa juu ya chakula na vyote hurudi. Acha kunywa mlo unapoanza, rudi kwenye maji nusu saa baada ya kumaliza. Na kipande kikishakwama usijaribu kukisukuma kwa maji, ambavyo ndivyo kila mtu anavyofanya kwanza. Simama, tembea polepole, ngoja.

Kuhusu poda, unaweza kuishi bila ile ya kopo. Poda ya maziwa yaliyotolewa mafuta ina takriban gramu 35 za protini katika kila gramu 100, na inauzwa dukani kwa bei ya kawaida. Chukua nusu lita ya maziwa, uikorogee vijiko vinne vya mezani vya poda hiyo (kama gramu 30), chuja mabonge, weka kwenye friji. Nusu lita hiyo sasa ina karibu gramu 27 badala ya 16 au 17, bila kuongeza ujazo wa maana. Soma pakiti kabla ya kununua. Ile poda nyeupe ya kuwekea chai ambayo si maziwa huwa na protini kidogo mno. Kama maandishi yanaonyesha chini ya gramu 30 kwa kila 100, hiyo siyo unayoitafuta. Maziwa yakikujaza gesi, fanya hivyo hivyo kwa mala, ambayo bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa.

Kama bado unalo kopo lako na hutaki kulitupa, huenda linakuchefua kwa sababu ya utamu na uvuguvugu. Ikoroge kwenye maziwa baridi sana yenye chumvi kidogo na tangawizi, nusu kipimo kwa mara moja. Usiitie kwenye uji unaochemka, itaganda mabonge. Ngoja uji upoe mpaka unywike.

Siku yako ingeweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi, yai moja la kuvuruga, liwe laini na lenye unyevu, gramu 6. Mchana, gramu 60 za samaki zilizopimwa baada ya kupikwa, gramu 13, na vijiko viwili vya pojo, gramu 3. Saa kumi, gramu 100 za mtindi uliochujwa kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Maji yake yakishatoka hubaki mzito wenye gramu 8 hivi. Usiku, gramu 45 za kidari cha kuku kilichosagwa na kupikwa ndani ya mchuzi, gramu 12. Kati ya milo, ile nusu lita ya maziwa, kidogo kidogo mpaka iishe, 27. Jumla 69. Yai la pili likipita asubuhi, umevuka. Nunua mizani ndogo ya jikoni na uitumie kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo jicho litakuwa limezoea.

Kwenye sahani, protini iingie mdomoni kwanza, mboga zifuate, na wali uwe wa mwisho ikiwa nafasi imebaki. Mara nyingi haitabaki. Usiione ajabu.

Dagaa wakavu pia wana kazi. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Watoe vichwa, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike, watwange kwenye kinu na uchekeche. Kijiko kimoja cha mezani kwenye mchuzi wa mboga huongeza kama gramu 4. Ng'onda sikushauri uitumie hivyo, chumvi yake ni nyingi mno.

Maji yafike lita moja na nusu kwa siku, na kaskazi ikipiga karibia lita mbili, kwa kumeza kidogo kidogo kutwa nzima. Maziwa na supu yamo kwenye hesabu. Dafu linafaa, lakini halina protini ya maana. Sharubati ya sukari iache.

Nywele. Jirani yako hakukosea, na pengine hakukosa chochote. Upasuaji na kupungua uzito kwa haraka husukuma nywele nyingi kuingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na huanguka kuanzia mwezi wa tatu hivi. Huwa zinaota tena. Protini ya kutosha hupunguza makali lakini haizuii kabisa, kwa hiyo mtu akikuuzia mafuta ya kuzuia jambo hili, hifadhi pesa zako. Zikiendelea kutoka baada ya mwezi wa tisa, au zikianza kutoka mwaka umekaribia, hapo ni kupima damu: chuma, zinki, protini.

Vidonge ni vya maisha. Multivitamini kila siku. B12 mikrogramu 350 hadi 1000 kwa siku, au sindano ya 1000 kila mwezi. Vitamini D3 yuniti 3000. Kwa mwanamke anayepata hedhi, chuma miligramu 45 hadi 60. Kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 ukijumlisha na ya chakula, igawe isizidi 600 kwa mara moja, na iwe ya saitreti, kwa kuwa ile ya kaboneti huhitaji asidi ambayo tumbo lako limepunguziwa. Chuma na kalsiamu viachane kwa saa mbili, na chai isikaribie chuma, maana huzuia kisiingie mwilini. Vipimo vya damu vifanywe mwezi wa tatu, wa sita na wa 12 tangu upasuaji, kisha kila mwaka. Ukiambiwa albumini yako, yaani protini ya kwenye damu, iko sawa, usiichukue kama ushahidi kwamba unakula protini ya kutosha. Hiyo hushuka kwa kuchelewa.

Ramadhani, kwa mwaka huu wa kwanza, hapana. Hesabu mwenyewe: lita moja na nusu ya maji na gramu 70 za protini, kati ya magharibi na daku, kwa tumbo la vikombe viwili vya kahawa, na maji hayaruhusiwi pamoja na chakula. Saa hazitoshi. Namna ya kulipa au kutoa fidia muulize shekhe wako. Mwaka wa pili lirudishe swali kwa daktari aliyekufanyia upasuaji. Hata usipofunga, utakaribishwa futari. Tende moja ina sukari nyingi iliyokusanyika, na kwa wengine waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hasa ule wa baipasi (wa kuunganisha tumbo dogo moja kwa moja na utumbo), sukari ikiingia kwa ghafla utumboni moyo huenda mbio, jasho hutoka, na tumbo hukata na kuendesha. Haluwa hufanya hivyo haraka zaidi.

La mwisho lisisubiri. Kama hata vyakula laini na maji vimeanza kurudi, si samaki mkavu peke yake, mrija unaweza kuwa umebana. Jambo hilo hutokea zaidi wiki kama hizi ulizo nazo, na hutazamwa kwa kamera ya kupitishwa kooni. Ukishindwa kubakisha maji kwa siku nzima, au ukitapika kila siku kwa siku mbili tatu, nenda hospitali. Kama uko Pate au Faza, usingoje boti ya kesho jioni. Kutapika hivyo humaliza thiamini, yaani vitamini B1, ndani ya wiki chache, na dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba unapotembea na kuchanganyikiwa. Mwambie muuguzi wa kwanza utakayemkuta kwamba umekatwa tumbo na umekuwa ukitapika, na kwamba unahitaji thiamini ya sindano kabla ya dripu yoyote yenye sukari. Dripu ya sukari ikitangulia, inaweza kumaliza thiamini iliyobaki na kuuumiza ubongo. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi, na uiweke ndani ya jalada la simu yako.