Binti mwembamba, jitu la miraba minne

Ndugu, umeuliza binti wa hadithi yako atamshindaje jitu la miraba minne kwa upanga bila wasomaji kucheka. Kwanza punguza uzito wa silaha. Upanga wa Ulaya wa mikono miwili, ule wa zama za kati, ulikuwa na kilo 1.5 hivi, si gogo la mnazi. Lakini usiidharau nguvu: panga zikishikana, jitu atamsukuma hadi ukutani, kwa hiyo binti asikubali kushikana naye. Mwache jamaa arushe pigo zito, likose, limvute hatua moja mbele. Hapo kifundo cha mkono kiko wazi. Binti akate, arudi nyuma. Asikimbilie kumaliza.

Hasira ya jitu ndiyo utamu wenyewe. Husimuliwa kwamba mwaka 1612, huko Japani, mpiga upanga mashuhuri Miyamoto Musashi alichelewa makusudi pambano lake na mpinzani wake Sasaki Kojiro ili ampandishe mori, kisha akamshinda kwa upanga wa mbao. Wa mbao!

Na pale binti wako anapopiga kelele kabla ya kushambulia, futa. Anyamaze, asikilize jitu anavyohema.