Eti apunguze baruti bunduki isipige kelele?

SWALI: Shikamoo mzee, naandika toka Kirumba hapa Mwanza. Shemeji yangu anawinda kwa leseni, ana bunduki ya .30-06, kasikia huko Marekani watu wanajaza risasi wenyewe zinakuwa kimya, si apunguze tu baruti?

JIBU: Marahaba. Mwambie asithubutu. Kweli risasi ikienda chini ya spidi ya sauti, kwa joto la nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, ule mpasuko wa hewani haupo, ila mlio wa mtutuni uko palepale. Shida ni ganda la risasi hiyo ni kubwa, baruti ya kuwaka polepole ukiweka kiduchu inalala chini kama dagaa wawili kwenye sufuria la harusi, inashika moto vibaya, risasi inakwama mtutuni, akipiga ya pili bunduki inampasukia usoni. Hao wenzetu wanafuata vipimo vilivyojaribiwa vya watengeneza baruti na wana mashine ya kupima spidi, sio kubahatisha. Halafu risasi ya gramu 11.7 kwa spidi ya mita 820 kwa sekunde ina nguvu ya jouli kama 3,900, kwa spidi ya mita 320 zinabaki 600 tu, sasa hapo si atamjeruhi mnyama akafie porini? Na sheria ya silaha ya 2015 ipo, kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni kesi.