Laptopu ya mtumba inashika waifai lakini haiingii mtandaoni

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nimenunua laptopu ya mtumba yenye Windows 10. Naishi Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, na ruta iko sebuleni chini. Simu zetu zote zaingia mtandaoni bila taabu. Laptopu ikiwa hapo sebuleni yashika waifai lakini yaandika "No Internet", na nikipanda nayo chumbani hata jina la waifai silioni. Jirani anishauri nibonyeze kile kitufe kilicho ndani ya kitundu nyuma ya ruta. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kitufe hicho kiache kabisa. Ukikishikilia kwa sindano, hufuta yote yaliyowekwa kwenye ruta, mara nyingi pamoja na jina na nenosiri la akaunti yako kwa kampuni ya intaneti, na nyumba nzima itakaa bila mtandao mpaka waje wairudishe. Isitoshe, simu zinafanya kazi, kwa hivyo ruta haina kosa. Kosa liko kwenye laptopu, na kwa ulivyoeleza ni makosa mawili.

Tuanze na la sebuleni. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha Enter. Katika kidirisha cheusi andika ipconfig. Shuka hadi sehemu ya Wi-Fi usome mistari miwili: "IPv4 Address", ndiyo anwani ya laptopu, na "Default Gateway", ndiyo anwani ya ruta. Halafu tazama anwani ya simu yako kwenye mipangilio ya waifai hiyo hiyo. Simu ikiwa na 192.168.1.14, laptopu nayo yapasa kuanza na 192.168.1, zitofautiane tarakimu za mwisho tu.

Ukikuta kitu kama 10.20.4.57, na hilo ndilo ninaloshuku zaidi kwa laptopu ya mtumba, basi mwenyewe wa awali aliifungia anwani ya kudumu ya mtandao wake, pengine wa ofisi. Simu huiomba ruta anwani. Laptopu yako haiombi, inakuja na yake, na ruta haiitambui. Bonyeza tena Windows na R, andika ncpa.cpl, gusa Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha mstari wa "Internet Protocol Version 4" na "Properties" tena. Weka alama kwenye "Obtain an IP address automatically" na pia kwenye "Obtain DNS server address automatically". Ukiliweka la juu ukaliacha la chini, utapata anwani nzuri lakini huenda kurasa zisifunguke.

Anwani ikianza na 169.254, laptopu iliomba ila haikujibiwa. Isahaulishe waifai hiyo kwa "Forget", uingize nenosiri upya. Bado? Chomoa waya wa stima wa ruta nusu dakika, uirudishe. Kuizima hivi hakufuti chochote.

Na anwani ikiwa sawa, pima kama mtandao unafikiwa: katika kidirisha kile cheusi andika ping 8.8.8.8, kisha ping google.com. Namba ikijibu na jina likakataa, kosa ni la DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba: andika ipconfig /flushdns na uhakikishe ile alama ya chini niliyoitaja. Vyote viwili vikijibu na kivinjari bado kinagoma, fungua "Settings", "Network & Internet", "Proxy", uzime proksi (kompyuta ya kati inayopitishiwa mtandao) yoyote iliyoachwa humo. Tazama na saa ya laptopu. Mashine za zamani huwa betri ndogo ya ubaoni, mara nyingi CR2032, imekwisha. Tarehe inarudi nyuma miaka, na tovuti salama zinakataliwa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika.

Sasa chumbani. Weka simu na laptopu juu ya kitanda kimoja. Simu nayo ikipoteza waifai, lawama ni ya kuta. Simu ikishika vizuri na laptopu haioni kitu, huenda antena imeachia. Nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, hubanwa juu ya kadi ya waifai kwa vishikizo vya kama milimita 2. Fundi akiifungua mashine asivirudishe, laptopu hushika waifai karibu na ruta tu. Ni kazi ya dakika chache, lakini zima mashine na utoe betri kwanza.

Kabla ya kuifungua, rudi sebuleni uandike netsh wlan show interfaces. Mstari wa "Channel" ukiwa 36 au zaidi, umeshika masafa ya 5 GHz, yenye kasi lakini dhaifu kupenya kuta. Ingia kwenye ruta, kwa kuandika ile "Default Gateway" kwenye kivinjari, uyape masafa hayo na yale ya 2.4 GHz majina tofauti, halafu chumbani utumie la 2.4.

Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, na sakafu ya boriti nayo huzuia mawimbi. Kama nyumba ina ua wa ndani, sogeza ruta iwe karibu na ua au mguu wa ngazi, mawimbi yapande kwenye uwazi. Usiiweke dirishani panapoingia upepo wa bahari. Chumvi hushika pini za soketi za waya zikaota ukijani.

Ikiwa bado haitoshi, mimi singenunua kirudishi cha waifai (repeater): vingi vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio moja, kasi inapungua karibu nusu. Pitisha waya wa mtandao wa Cat6 kando ya ngazi bila kutoboa ukuta, hadi ruta ya pili juu. Uchomeke kwenye tundu la LAN, uzime DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya ruta hiyo, uipe anwani 192.168.1.2 ikiwa ya chini ni 192.168.1.1, jina na nenosiri vile vile, na chaneli 11 ikiwa ya chini iko 1.